Neno la Gazetini na Mama wa Jukwaani

Msusi alianza kuigiza akiwa na miaka hamsini na kitu, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mumewe. Nyumba ilikuwa imepoa mno. Akajiunga na kikundi cha maigizo kilichofanya mazoezi katika ukumbi nyuma ya saluni yake, na wateja hawakushangaa: alizoea kuwasimulia ugomvi wa majirani huku akiwasuka, akiigiza sauti za wagomvi wote.

Katika mchezo wake wa kwanza alikuwa mama anayeletewa habari kwamba mwanawe amezama. Alipiga mayowe, akajibwaga chini, akagaagaa, akavua kilemba na kukirusha hadi kwa watazamaji. Makofi yakarindima. Siku chache baadaye gazeti la Kiingereza likauelezea uigizaji wake kwa neno moja: "histrionic".

Pale saluni hakuna aliyelijua, lakini kwa urefu wake lilionekana neno la heshima. Wateja wakampongeza. Yeye kichwa kikavimba, akawa anajitambulisha kwa neno hilo hata kwa muuza mkaa.

Mke wa mwanawe, mwalimu wa Kiingereza, alipokuja kumtembelea pamoja na mumewe, msusi akamwekea gazeti mbele. Mkwe akasoma, akalikunja gazeti. Alipobanwa aseme, alieleza kwa upole kwamba neno hilo lina asili ya kale, lilitoka kwa waigizaji, na zamani liliweza kumaanisha jambo lolote la uigizaji. Siku hizi hutumika zaidi kwa mtu anayetia chumvi, anayelia ili aonekane analia. Hata asiyewahi kukanyaga jukwaa huitwa hivyo akizua vituko kwa jambo dogo.

"Si tusi, mama," alisema. "Lakini si sifa."

"Na wewe ukaona uniambie tu?"

"Nilihofia utaambiwa na mtu anayekucheka."

Msusi alikasirika, na mazoezi yaliyofuata hakwenda. Ila neno halikumtoka. Akiwa anachana nywele za mteja, akakumbuka siku mumewe alipokata roho. Hakupiga yowe hata moja. Aliwauliza waliomletea habari kama wamekula, kisha akaosha vikombe vilivyokuwa tayari safi.

Akamwendea mwongozaji wa mchezo na kumwomba ruhusa ya kubadili namna mama anavyopokea habari. Mwongozaji alikuna kidevu, akasema wajaribu, liwalo na liwe.

Mchezo uliporudiwa, mama wa jukwaani alipokea habari akiwa amesimama. Akamwuliza mjumbe kama amekula. Akachukua kikombe mezani, akakifuta, akakirudisha, akakichukua tena. Ukumbi ukawa kimya hadi feni zikasikika. Katika safu ya nyuma mwanamume mmoja akaangua kilio, na msusi akaitambua sauti ya mwanawe.

Walipokutana mlangoni, macho ya kijana yalikuwa mekundu. Hakuwapo siku baba yake alipofariki, na tangu hapo wawili hao walikuwa wakizungumza juu ya paa linalovuja na bei ya umeme, basi.

"Ilikuwa hivyo kwa baba?" akauliza.

"Ilikuwa hivyo."

Mkwe akarudi ndani kuwatafutia viti viwili. Mama na mwana wakakaa ndani ya ukumbi uliokuwa ukifagiliwa, na mama akaanza kumsimulia tangu asubuhi ya siku ile, pole pole, na kijana hakumkatiza.