Bati Lisilo na Tundu

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu. Nilikuwa juu ya ukuta wa chumba changu kule mtaa wa Chilinde, napanga mawe juu ya mabati mapya. Mimi na mke wangu tulikuwa tumetoka hapa kambini Dzaleka kwenda kushona nguo mjini Lilongwe. Miaka ile ya tisini wengi wetu hatukupigilia misumari. Msumari ulikuwa wa mwenye kukaa. Sisi tulijiambia tunarudi kwetu Bukavu, Kongo, karibuni.

Jirani yangu Mzee Yohana, Mrundi msuka mikeka, alinishikia ngazi.

“We fundi, misumari njo hii, nakupa.”

“Zikomo, Mzee. Lakini mi niko wa kupita. Nifike kwetu na mabati ya matundu, bantu banicheke?”

“Na upepo, umeuambia kama uko wa kupita?”

Nilicheka. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limesoma hadi sekondari.

Mvua zilipoanza, usiku mmoja kisulisuli kiliingia mjini, kikinguruma kama malori yanayopanda mlima. Mawe yangu yalituangukia ndani. Nilimfunika mke wangu kwa mwili wangu, nikasikia mabati yakiondoka moja moja. Kulipokucha, kuanzia Kawale hadi vitongoji vya pembeni, nyumba zilisimama vichwa wazi.

Bati langu moja nililikuta kwa Mzee Yohana. Lilikuwa limepasua dirisha na kumvunja mkono wa kulia, ule wa kusukia. Nilipiga magoti nikilia. Akalitazama bati, akanitazama mimi.

“Usilie, mtoto yangu. Angalia, haina tundu hata moja. Utafika nayo Bukavu.”

Mkono uliunga vibaya, hakusuka tena. Mke wangu alimpelekea nsima, ugali wa huku, kila jioni, naye kila jioni aliuliza, kwa utani tu, kama nimeshapigilia. Nilikuwa nimeshapigilia. Bukavu sikufika, nilirudi hapa kambini tu, na Mzee Yohana nilimzika mimi.

Mwanangu, nakuona hupandi mti, hutengenezi mlango, unasema utaondoka. Siku ikifika, nenda salama. Lakini unapolala leo ndipo kwako, na ulichokiacha kimelegea humwangukia jirani. Misumari iko chini ya kitanda changu; njoo uchukue, nami nitakushikia ngazi. Mungu akupe paa lisilomuumiza mtu, na siku ya kurudi ikukute umelala vizuri.