Kashimo Kamoja Kitovuni

Jumamosi nilikwenda kumjulia hali ndugu yangu hospitalini. Kwenye kitanda cha pili alilala mwanamke wa Makadara, amezungukwa na mama mkwe wake na majirani waliomletea chai. Kwa miaka alikuwa akilia tumbo. Alitibiwa taifodi, akatibiwa vidonda vya tumbo, mwishowe akaitwa mvivu. Juzi daktari alimtoboa kidogo kitovuni, akapitisha kamera nyembamba, akakuta matumbo yameshikana.

“Hebu tuone walipokupasua,” mama mkwe akasema.

Mgonjwa akafunua shuka. Palikuwa na plasta moja, ndogo kama kidole gumba.

“Ni haka kashimo tu?” Mama mkwe akawageukia wenzake, midomo ameibinua. “Na vile alikuwa akilia!”

Mgonjwa akajifunika polepole. “Mama, daktari amechungulia kwa haka kashimo akaniamini. Nyinyi mnataka nipasuliwe mpaka wapi?”

Jirani mmoja aliendelea kumimina chai hadi ikafurika kikombe.

Naambiwa kamera za aina hiyo ni chache sana nchini. Lakini mgonjwa huyu alikuwa akijikunja kwa maumivu jikoni, mbele ya macho ya watu.