Nilivyotolewa kwa Ajili ya Baba

Baba yangu alifungwa kifungo cha maisha nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo sura yake niliijua kwa kusimuliwa tu. Watu walisema nina paji lake la uso. Nilipokuwa binti mdogo nilikuwa nikiinama kisimani, nafunika pua na mdomo kwa kiganja ili nimwone yeye. Sikuona kitu zaidi ya paji linalohitaji mafuta.

Habari ya kufungwa kwake ni fupi. Masika, kwetu Njombe, ni wakati wa ulanzi. Mianzi michanga hukatwa ncha, utomvu ukadondoka, ukawa pombe wenyewe bila mtu kuupika, na wanaume wengi huwa hawana kazi nyingine. Baba alitoka Kifanya akaenda Kitandililo, karibu na Makambako, kumtembelea rafiki aliyefanya naye kazi ya barabara. Wakanywa siku nzima. Wakaondoka wawili. Kulipokucha rafiki alikutwa kando ya njia amekufa, kichwa kimepasuka, na baba amelala karibu yake, fimbo yake ina damu. Walipomwamsha na kumwuliza, alisema, "Ni mimi." Jaji akahukumu anyongwe, Gavana akageuza kuwa maisha, na baba akapelekwa gereza la mbali, nchi ya joto, ambako mtu wa Kifanya hana hata la kufanya na koti lake.

Serikali ilikuwa imemaliza kesi yake. Wazee walikuwa bado na yao. Marehemu alikuwa mtoto pekee wa mama mjane, na nani sasa angemlimia, nani angemzika? Desturi ya kale ilisema nyumba iliyomwaga damu itoe mtu. Waingereza walikuwa wameikataza, na wamisheni walikuwa wameilaani kanisani. Lakini wazee wa pande zote mbili walikuwa Walutheri wazuri sana siku ya Jumapili, na siku zilizobaki walikuwa wazee. Walikutana kimyakimya, wakangoja nikue kidogo, wakanitoa mimi. Meno ya utoto yalikuwa yameanza kuning'oka.

Mama hakulia mbele yangu. Alinisuka nywele akazikaza mno, mpaka macho yakavutika, na njia nzima ya Makambako nilikuwa nimekasirikia nywele.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yangu ilikuwa marehemu. Nililala chumba alicholala yeye. Jembe nililopewa lilikuwa lake, mpini umekatwa ili unitoshe. Yule mama, ambaye nilimwita bibi, hakunipiga hata siku moja, wala hakuninyima chakula. Alikuwa akinipakulia kwanza, kabla yake mwenyewe, kama anavyopakuliwa mwanaume wa nyumba. Lakini mara nyingine nikiwa napeta mahindi nilihisi mtu nyuma yangu, nikageuka, nikamkuta amesimama mlangoni ananitazama tu. Alikuwa akipima kama natosha. Nilijua sitoshi. Niliogopa kuchelewa kurudi kutoka kuteka maji, kwa sababu mwanawe ndivyo alivyofanya, alichelewa kurudi. Hofu ile ilinikaa mwilini na haijatoka. Mpaka leo mtu wa nyumbani kwangu akikawia, siwezi kukaa chini.

Nilimpenda bibi. Naliandika hili wazi kwa sababu watoto wangu mwenyewe hawaliamini.

Mama yangu, huko Kifanya, hakuwa amekaa kimya. Alikwenda kwa mchungaji, akaenda kwa jumbe, akarudi tena kwa mchungaji, mpaka ikawa wakimwona anapanda kilima wanatafuta kofia zao. Hatimaye mchungaji aliandika barua ya kumwomba Gavana amsamehe baba. Ilisema amekwishakaa gerezani miaka mingi bila kosa jingine, na kwamba nyumba mbili zimepatana. Barua ya namna hiyo ilipitia kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kwenye boma la Njombe, na Bwana Shauri aliwaita wazee wa pande zote mbili aulize mwenyewe.

Hapo ndipo walipokosea, na naapa hakuna watu wengine duniani ambao wangekosea hivyo. Walifikiri: tumwoneshe Bwana kitu chetu bora kuliko vyote. Wakanipaka mafuta, wakanivika gauni jipya, wakanichukua bomani.

Tulisimama mbele ya meza yake, mimi katikati, bibi amenishika mkono. Bwana Shauri aliuliza mnasema mmepatana, mmepatanaje? Mzee mmoja wa kwetu alipiga hatua mbele, amejaa fahari, akanishika kichwa.

"Bwana, huyu hapa ndiye amani yetu. Tulimtoa, wakampokea. Hatudaiani neno."

Karani alikuwa mtu wa pwani. Alinitazama mimi kwanza, ndipo akafasiri. Nakumbuka uso wa Mzungu ulivyobadilika, shingo kwanza, halafu masikio. Aliweka kalamu chini. Alimgeukia bibi akauliza kama ni kweli alimpokea mtoto huyu kuwa malipo.

"Nilimpokea kuwa mtu," bibi akasema.

Wazee waliponea chupuchupu kuingia ndani wao wenyewe. Barua iliwekwa kando, na amri ikatolewa nirudishwe kwa mama yangu pale pale. Bibi hakubishana. Aliachia mkono wangu, akaufuta mkono wake kwenye nguo, akatoka nje akakaa kivulini pa lori. Nilimwita. Hakugeuka. Nilirudi Kifanya nikiwa na gauni jipya na baba yangu bado yuko ndani, na kila mtu nyumbani akaniambia nishukuru Mungu.

Sikushukuru. Nilikuwa mgeni kwetu. Wadogo zangu wa ukoo walikuwa wakicheka Kibena changu cha Makambako. Nilipopakua chakula nilipakua sehemu moja ya ziada, bila kujua ni ya nani, na mama akawa anairudisha chunguni. Nilikuwa nimezoea kuishi na marehemu, na pale Kifanya hakuwapo.

Miaka ikapita. Nilisoma shule ya misheni, nikawa na mwandiko mzuri, na baada ya vita vya pili, wakati miwati, ile miti ya magome ya kulainishia ngozi, ilipoanza kupandwa kila kilima, mama aliniambia sasa barua utaandika wewe. Bwana Shauri alikuwa mwingine, kijana, mpole kidogo. Alisoma, akasema ataituma kwa sharti moja: mama wa marehemu atie dole gumba kwa hiari yake, bila kupewa chochote wala yeyote. Alisema neno "yeyote" akiniangalia. Nadhani habari zangu zilikuwa zimebaki kwenye majalada yao.

Basi nikapanda lori la Makambako, nikaenda Kitandililo kumwomba mwanamke niliyenyang'anywa amsamehe mtu aliyemnyang'anya mwanawe.

Bibi alikuwa amekaa juani, macho yameingia ukungu. Nilimsalimu, "Kamwene, bibi."

"Umechelewa," akasema.

Nikalia kama mtoto. Aliningoja nimalize. Nilimsomea barua yote, naye akasikiliza huku akimenya maharage, vidole vyake vikifanya kazi bila macho. Nikamwambia hana wajibu, akikataa nitaelewa. Hiyo ya kuelewa ilikuwa uongo.

"Nitatia dole," akasema. "Ila siku akitoka, asiende kwao kwanza. Aje hapa. Mwanangu alikufa njiani na hapakuwa na mtu mwingine. Wamenizungumzia damu na fimbo na sheria, lakini hakuna aliyeniambia alisema nini. Mtu hafi bila kusema neno. Nataka neno lake. Analo baba yako peke yake."

Nilimwahidi. Nilishika kidole chake, nikakikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Kilikuwa kikavu mno, ikabidi turudie. Tangu siku ile nilikuwa nikiomba vitu viwili kila jioni: baba atoke, na bibi asife kabla hajatoka. Mama alikuwa akiomba kimoja tu.

Msamaha ulikuja wakati wa baridi, ukungu umelala mashambani mpaka karibu na adhuhuri. Nilikwenda Makambako kumpokea, pale njia ya Njombe inapokutana na barabara kuu. Mama alibaki Kifanya kupika. Lori lilisimama, watu wakashuka na mizigo yao, wakatawanyika. Mtu mmoja alishuka akasimama palepale, mikono pembeni, akingoja kuambiwa aende wapi. Nikajua.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama," akanijibu kwa adabu na heshima zote, kama anavyojibiwa mwanamke usiyemjua.

Nilimwambia mimi ni nani. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Nilimwambia pia tunakokwenda kwanza na tunachotakiwa huko, akaacha kuitikia. Tulitembea hadi Kitandililo, yeye nyuma yangu hatua moja. Nilipunguza mwendo ili tuwe sawa, naye akapunguza.

Bibi alikuwa amewekewa kigoda nje. Baba alipiga magoti mbele yake kwenye udongo. Alinyoosha mikono, bibi akaishika, akaipapasa vidole kimoja kimoja, akaigeuza viganja. Nilidhani ataitemea mate. Aliishika tu.

"Alisema nini?"

Baba aliinua uso. Nilisikia kuku, na jirani akitwanga. Moyoni nilikuwa nikimwambia, sema alimwita mama yake, sema aliomba maji, sema lolote. Neno moja tu lingetosha, na nani angemsuta?

"Sikumbuki, mama," akasema. "Sikumbuki kabisa. Nakumbuka tunaimba. Halafu nakumbuka watu wananiamsha, naye amelala, na fimbo ni yangu. Nikasema ni mimi, kwa maana angekuwa nani? Gerezani nimetafuta kila siku. Kupiga sikumbuki. Sauti yake sikumbuki. Sina neno lake."

Bibi aliachia mikono yake.

"Basi umerudi bure," akasema.

"Ndiyo, mama."

Nilimchukia baba yangu pale, na sikuwahi kumchukia tena baada ya hapo. Nilimchukia kwa kusema kweli. Bibi aliniambia nipike, mgeni haondoki na njaa, nami nikapika, na baba akala yote aliyopewa, haraka, ameinamia bakuli, jinsi wanavyokula waliofungwa. Alipomaliza aliaga. Nilimsindikiza hadi njia panda, kwani lori la Njombe lilikuwa linapita jioni. Lilipofika alipanda, akanyoosha mkono kunivuta juu.

Nikatazama mkono ule. Nikasema, "Tangulia, baba." Hakuuliza. Nadhani kati ya watu wote yeye ndiye aliyenielewa upesi kuliko wote.

Nilirudi Kitandililo mbiombio, giza lisinikute njiani. Bibi alikuwa bado kwenye kigoda, baridi yote ile, uso ameuelekeza njiani. Nilikaa naye mpaka nilipomzika.

Huko Kifanya mama alikuwa amechinja jogoo, amepika kwa watu watatu. Majirani waliniambia baadaye kwamba alisimama mlangoni akamwona kwa mbalamwezi mtu mmoja anapanda kilima, na kwamba kabla hajampokea mumewe alimwuliza, "Umemwacha tena?"