Mume Wangu Alimwambia Kocha Kwamba Mimi Ni Mtu wa Kukaa Tu

Admin nifiche vizuri, kwa sababu mume wangu anafuata ukurasa huu na najua atabonyeza like kabla hajajua ni yeye anayesemwa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka thelathini na mbili, tunakaa Huruma hapa Eldoret. Kwetu ni Busia, mume wangu ni wa Ainabkoi. Tumeishi njoo-tukae, bila harusi, miaka yote hii, na mwaka huu hatimaye alikubali tufunge ndoa kanisani. Nililia kwa furaha. Halafu akaleta sharti: nipunguze mwili kwanza, kwa sababu hawezi kusimama madhabahuni na mtu "aliyefura" watu wakipiga picha. Nilimeza. Nilitaka ile ndoa jamani, nilitaka mama yangu akae kiti cha mbele siku moja maishani.

Akatafuta kocha wa kupunguza uzito, dada mmoja anayefundisha watu kwa simu. Siku ya kwanza akampigia, akaweka loudspeaker. Kocha akaeleza kwamba chakula cha mtu hupimwa kulingana na vile siku yake huenda: kuna wa kukaa, kuna wa kusimama na kutembea, kuna wa kazi nzito. Wakati huo mimi naingia mlangoni na mtungi wa maji niliopandisha hadi orofa ya nne, kwa sababu mifereji yetu ilikuwa imekauka tena. Nimeutua chini, natweta. Kocha akauliza, "Na mama, siku yake huwa aje?"

Mume wangu, akinitazama kwa macho yake mawili, akasema, "Huyu? Huyu ni wa kukaa tu. Hakimbii, haendi gym. Weka hiyo ya chini kabisa."

"Na wewe?"

"Mimi niweke ya juu. Mimi ni mtu wa mbio."

Mtu wa mbio! Wenzangu, mume wangu anauza dawa za ng'ombe kwenye agrovet. Anakaa kwenye kiti kirefu asubuhi hadi jioni, akitaka kalamu anatuma mtu. Alikimbia akiwa shule ya upili. Siku hizi Jumamosi anavaa tracksuit, anakimbia kidogo, anakutana na marafiki, wanaingia mahali kunywa chai. Lakini hapa Eldoret, mji wa wanariadha, mazoezi ni kukimbia. Kama hujaonekana barabarani alfajiri na raba, wewe hujafanya kitu. Mimi ni mama fua. Nafua nguo za watu kwa mkono, nakamua blanketi, nainama nainuka mpaka jioni, kisha narudi kupika. Hayo yote kwake ni kukaa.

Nilipojaribu kusema, akanikata: "Wacha kujitetea. Kufua ni mazoezi?"

Basi tukaanza. Yeye akawa anakula ugali wa kushiba, mayai, maziwa lala. Mimi kipande cha ugali kama ngumi ya mtoto, na sukuma. Tena yeye ndiye aliyekuwa akinipakulia, ati nisidanganye. Mwili ulipungua, ndiyo, na akajisifu kwa marafiki zake. Lakini mikono ilianza kutetemeka, kichwa kikawa kinauma kila siku, nikawa nafokea watoto bure.

Halafu siku moja nikaanguka. Nilikuwa nafua kwa mama mmoja Msomali, mke wa mwenye duka la nguo. Nikiwa naanika blanketi niliona giza, nikajipata niko chini na yeye ananipangusa uso. Alinipa chai ya maziwa na chapati, akaniuliza, "Wallahi dada, leo umekula nini?" Nikamwambia. Akaangalia zile kamba zote zilizojaa nguo, akasema, "Na ni nani alisema wewe unakaa tu?" Nililia pale pale kwenye maji ya sabuni.

Jioni hiyo nilimpigia kocha mwenyewe, nikamweleza siku yangu yote. Akashtuka. "Mama, mbona sikuambiwa? Wewe ni wa kazi nzito. Hicho chakula kilikuwa kidogo sana. Enda hospitali wakuangalie, na kuanzia leo uongeze." Kisha akaniuliza kuhusu kazi ya mume wangu. Nilipomwambia, akasema huyo ndiye wa kukaa, sahani yake ndiyo ipunguzwe. Na ni kweli, siku hizi tumbo lake linamtangulia mlangoni.

Nilipomweleza mume wangu, alipiga meza. "Kwa hii nyumba yangu bibi akule kunishinda? Mimi ndiye wa kukaa? Mimi?" Hakuuliza niliangukaje. Hakuuliza kama niliumia. Kilichomuuma ni jina tu. Kesho yake akampigia pasta, akasema harusi isongeshwe mbele kwa sababu "bibi hayuko serious." Mimi nilisikia kutoka kwa mke wa pasta, nikiwa sokoni.

Nina hasira mpaka usingizi umenikataa. Mtu amekula kwa mikono yangu miaka yote hii, amevaa nguo nilizofua mimi, na bado anaamini kwa moyo wake wote kwamba mimi hukaa. Hata hakuwa anadanganya kocha. Hivyo ndivyo anavyoniona, na ndicho kinachoniumiza zaidi.

Jumapili hii wazazi wake wanakuja kuzungumzia tarehe mpya. Ameniambia nipike, nitabasamu, ninyamaze. Ndoa bado naitaka, sitawadanganya. Je, niwaambie wazee ukweli wote mezani, yeye akisikia, au nichukue watoto niende kwa mama kabla hawajafika? Nipeni mawazo yenu, nitasoma yote. Ila tafadhali mtu asiniandikie nivumilie. Kuvumilia ndiko kulikoniangusha.