Rahab Wangechi Anataka Kuzungumza Nawe

Syombua hamfungulii mtu anayejibu "ni mimi." Kwake, mtaa wa Olympic, ukibisha hodi atauliza nani, na ukisema ni mimi atanyamaza mpaka uchoke uende. Kwa hiyo Muigai, mwenye karakana yetu ya kushona sare za shule pale Kawangware 56, alipohitaji mtu wa kulinda kompyuta, hakutafuta mbali.

Shule moja iliyotupa kazi ilitaka mazungumzo yote yapitie programu ya ofisi. Programu haikuwa na neno, ila watu wa nje nao waliweza kutuma mwaliko. Kisanduku kinatokea: fulani, aliye nje ya kampuni yako, anataka kuzungumza nawe. Chini yake vitufe viwili, Kubali na Zuia. Wiki ya kwanza Muigai alikubali kila mtu kwa adabu, na wa tatu akamtumia faili iliyolaza kompyuta siku nne.

"Kutoka leo," akamwambia Syombua, "mtu wa nje asipite kama hajulikani."

Syombua akaweka utaratibu. Mwaliko ukija, anatusomea jina kwa sauti, cherehani zinanyamaza, nasi tunasema kama tunamjua. Asiyejulikana anazuiwa. Alizuia wauza bima, wauza vitambaa, na daktari wa jeshi aliyempenda bila kumwona. Huyo alimzuia huku anatafuna mahindi.

Mwezi huo tulikuwa tunangoja neno moja tu. Chumba cha jirani kilikuwa wazi, na Muigai alikuwa amekiomba kwa Mama Kiarie, mwenye ploti tuliyopanga. Tukikipata, tungechukua oda kubwa ya shule, na Tabby, aliyekuwa kibarua akishonea nje barazani, angeandikwa kazi. Tukikikosa, oda ingekwenda kwingine na Tabby angerudi nyumbani. Tabby ana mapacha. Mama Kiarie alisema asisumbuliwe kwa simu, jibu atalileta mwenyewe, kisha akaenda Limuru kumhudumia binti yake aliyejifungua.

Jumanne kisanduku kikatokea.

"Rahab Wangechi," Syombua akasoma. "Nani anamjua?"

Tukatazamana. Tabby alichungulia dirishani, akasema hamjui.

"Ameandika nini?" nikauliza.

"Ati, 'Ni mimi. Niko na neno.'"

Tulicheka, mimi kuliko wote, na ni mimi niliyesema, "Huyo ni conman tu. Block." Syombua akabonyeza Zuia.

Jumatatu iliyofuata muuza magodoro akaja na ufunguo wa chumba. Muigai akapiga simu Limuru, akaweka sauti ya juu sote tusikie.

"Si nilikuandikia?" Mama Kiarie akasema. "Kiarie aliniwekea hiyo programu yenu kwa simu, akasema mambo ya ploti yaandikwe ndio wapangaji wasikane. Nikangoja mpaka Ijumaa. Nikajua hutaki."

Programu haimwambii mtu kwamba amezuiwa. Anabaki mlangoni akidhani waliomo ndani wanamsikia. Syombua alikiri palepale kwamba kidole kilikuwa chake. Sisi wengine tukawa na kazi nyingi ya ghafla kwenye pindo.

Jumamosi Syombua alikwenda Limuru kuomba msamaha, nami nikamsindikiza kwa sababu dhamiri ilinisumbua. Mama huyu aliniletea uji siku nane nilipojifungua. Alitupa chai, akatwambia ameshampa mtu wa magodoro neno lake na hawezi kulirudisha.

"Miaka sita unakunywa chai yangu," akamwambia Syombua, "na hujui naitwa nani?"

"Si tunakuita Mama Kiarie."

"Hiyo ni jina ya Kiarie."

Syombua aliangalia kikombe. Mimi pia niliangalia changu.

Tabby aliondoka mwisho wa wiki iliyofuata. Hakulaumu mtu, na hilo liliniuma zaidi. Nilimwambia nina binamu mwenye duka la kushona karibu na Soko la Toi, nitamwandikia barua ya kumsifu. Nikachukua karatasi, nikaandika tarehe, nikaandika kwamba kwa miaka mitatu nimefanya kazi bega kwa bega na... Hapo kalamu ikasimama.

Tabby alikuwa anafunga mkasi wake kwenye leso. Aliniona.

"Tabitha Njoki Muiruri," akasema, polepole, ili niandike.