Mtani Hakasirikiwi

Nitamsema jirani yetu vibaya, na aliyezoea kwamba marehemu hasemwi na aishie hapa. Mawaidha ya kusitiri wafu nimeyasikia yote. Yeye akiwa hai hakumsitiri mtu.

Tulihamia Ufukoni katikati ya miaka ya tisini, baba alipopata kiwanja kwenye vile vilivyopimwa upya. Kabla ya hapo tulipanga Rahaleo, mtaa mwingine wa mji huohuo, nyumba ya vyumba sita na choo kimoja, ambako kila mtu alijua mwenzake kapika nini na kagombana na nani. Ufukoni nyumba zilikuwa za matofali ya saruji, kila moja na uzio wake wa michongoma, mabati bado yanang'aa, ndani hakuna hata dari. Waliohamia huko walikuwa makarani, walimu, manesi na watu wa bandarini. Jioni waume walimwagilia michongoma, na asubuhi wake zao walianika magodoro ya watoto wakojozi nyuma ya nyumba ili barabarani yasionekane. Kila mmoja alijifanya amezaliwa kwenye nyumba ya namna hiyo.

Siku ya kuhamia, kabati likiwa bado juu ya gari, alikuja mwanamume mnene mwenye kofia ya kufuma akamwuliza baba kabila lake. Baba akasema Mmakonde. Yule bwana akapiga makofi ya furaha, akaenda moja kwa moja kwenye tenga la kuku, akamchomoa jogoo wetu na kuondoka naye kwake. Alikuwa Myao wa Masasi. Jogoo yule nilimlea mimi tangu kifaranga, na nilipoanza kulia nilimwona baba anacheka huku amejishika mbavu. Akaniambia huyo ni mtani wetu, na mtani hakasirikiwi. Jioni tulisikia harufu ya mchuzi kutoka ng'ambo ya uzio.

Kwa asiyeyajua mambo hayo, utani wa makabila kwetu ni ruhusa. Mtani atakutukana mbele za watu, ataingia jikoni kwako na kufunua chungu, atakuambia mama yako mchawi, na wewe huna haki ya kununa. Nawe utamrudishia ukiweza. Ukikasirika unatozwa faini, mara nyingi kuku, na watu wanakucheka. Wazee wanasema utani umewekwa kupoza vita vya zamani. Labda. Mimi niliona mtu mmoja amepewa ruhusa na mwingine amefungwa mdomo.

Baba aliupenda. Ofisini alikuwa karani wa kuitwa na kutumwa, huko nyumbani alimpata mtu wa kumchekesha kila jioni. Walicheza bao barazani kwetu, jirani amekalia kiti cha baba, baba amekalia kigoda. Jirani akitupita tukichambua mboga alituuliza panya wa leo wamekaangwa au wamechemshwa, maana Wamakonde tunasemwa kula panya. Baba alimjibu kwamba Myao akisikia ngoma huacha hata maiti njiani. Wakacheka. Nakubali kwamba mengine yalichekesha. Alikuwa na kipaji, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba hata mimi nilicheka mara kadhaa kabla sijajizuia.

Mama hakuzaliwa upande huu. Alizaliwa Msumbiji, akavuka Ruvuma akiwa mtoto wakati wa vita vya kumwondoa Mreno. Alikuwa na chale usoni, mashavuni na kwenye paji, na Kiswahili chake kilikuwa kizito cha Kimakonde. Jirani alimwita Mmawia, jina la kuwadharau Wamakonde wa ng'ambo ya mto, akamwambia uso wake umechorwa na fundi seremala mlevi. Mama aliyavumilia hayo, na siku nyingine alirudisha. Mara moja alimwambia tumbo lake lina mimba ya miaka kumi na mkunga hapatikani, na mtaa mzima ukampigia vigelegele. Kwa hiyo asije mtu akasema mama yangu hakujua utani.

Ila kulikuwa na jambo moja. Alinisimulia mara moja tu, siku nilipomwuliza kwa nini hambebi mtoto mgongoni kama wanawake wengine, kwa nini wadogo zangu wote aliwabeba mbele kifuani. Wakati wa kuvuka, bibi alimfunga mgongoni mdogo wake mama, mtoto wa kunyonya. Mtumbwi ulikuwa umejaa kupita kiasi. Mama alikaa nyuma ya bibi, na kazi aliyopewa ilikuwa kushika mguu wa mtoto. Walipofika Kilambo, ukingo wa upande huu, mbeleko ilikuwa imelegea na mtoto hayumo. Bibi hakuweza hata kupiga kelele, kwa sababu ya askari. Mama alisinzia, basi, alikuwa mtoto na amechoka. Aliponimalizia alinitazama akaniambia hilo ni la kwangu na yeye, na baba anajua.

Baba anajua. Ndiyo, na baba alikuwa na mdomo.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini mdogo wangu alitoka jando. Tulifunga turubai uani, tukaazima masufuria mtaa mzima, ngoma zikaletwa, ndugu wa baba wakaja kutoka mashambani na magunia ya mihogo. Katikati ya shughuli jirani akatokea amevaa kanga za mkewe, mgongoni amefunga muhogo kwa mbeleko. Akaweka beseni letu la kufulia katikati ya watu, akaketi ndani yake akaanza kupiga kasia kwa mwiko. Watu walishaanza kucheka. Alipepesuka kushoto na kulia, akasema Kilambo ile, karibu tunafika. Kisha akajipapasa nyuma, akafungua mbeleko, muhogo ukaanguka chini. Akautazama kidogo, akaendelea kupiga kasia.

"Afadhali," alisema, "chombo kimekuwa chepesi."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wengi hawakujua kisa chenyewe, waliona mwanamume mnene kwenye beseni. Baba alijua, na baba naye alicheka. Nilimwangalia makusudi, nikaona meno yake. Mama alikuwa ameshika sinia la pilau la wageni. Akaliweka mezani, akaingia ndani, na hakutoka mpaka shughuli imekwisha.

Kesho yake alimwambia baba akamkanye mwenzake. Baba akasema hawezi, mtani hakasirikiwi, na kwanza watu watamwonaje. Akaongeza kwamba yule amefurahisha shughuli na mama angeshukuru. Basi mama akajitanda kanga, akaenda mwenyewe. Nilimfuata, kwa hiyo nilisikia. Alimkuta jirani anapiga mswaki nje.

"Shemeji," mama alisema, "panya sema, chale sema, sura yangu sema unavyotaka. Lile la ntoni usilirudie. Yule alikuwa ntoto wa mama yangu."

Alisukutua, akatema, akasema, "Sawa, Nahodha."

Kumbe alikuwa amepata jina. Toka siku ile hakumwita kwa jina lingine. Bombani, mbele ya wanawake waliopanga ndoo, alimwuliza Nahodha leo anavusha wangapi na watafika wangapi. Msikitini wakati wa Idi, mlangoni, Nahodha. Watoto wa mtaa wakalidaka, na watoto hawana simile. Nikienda shule niliitwa binti Nahodha na watu ambao hawakujua hata nahodha ni nani. Siku mama aliposhindwa, akamrushia kata ya maji pale bombani, wazee walikuja kwetu kistaarabu kabisa, wakaketi, wakamtoza kuku. Alikasirikia utani. Mama akamkamata kuku mwenyewe, akamfunga miguu, akampa. Jirani alimpokea akasema huyu natumaini hakuletwa kwa mtumbwi.

Niliwachukia wote waliokuwa barazani siku ile, na mpaka leo nikikutana na mzee mmojawapo namwamkia kwa sababu tu nililelewa kuamkia.

Baada ya hapo mama aliacha kabisa kutania. Si kwamba alinuna. Angenuna wangemtoza tena. Alisalimia, alikwenda misibani, alipeleka unga na kuni kama kila mwanamke, alikata vitunguu kwenye harusi za watu. Lakini jirani akimwita Nahodha alimwitikia vizuri, abee shemeji, kisha akaendelea na kazi yake. Watu walidhani amezoea. Mimi niliyelala chumba cha pili nilijua hajazoea. Siku jina lile lilipotajwa, jioni yake hakula. Na mara nyingi lilitajwa, kwa sababu miaka ilikwenda, tukaongeza ukuta wa matofali mahali pa michongoma, tukapata televisheni, mimi nikaanza kazi, na yule bwana hakuchoka wala hakubadilisha mzaha. Kipaji kilishamwisha, akabaki na Nahodha tu.

Baba alipata kiharusi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mkono na mguu wa kulia vikafa, na maneno yakamtoka kwa shida, nusu nusu. Mama alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani. Jirani alikuja kumtazama, akamwambia baba sasa amekuwa muungwana, anakula kwa kulishwa. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Halafu jirani akafa yeye. Aliugua siku chache tu, tumbo, akaenda.

Sasa kwa watu wa kwetu mtu kama yule hazikwi hivihivi. Mtani lazima awepo. Ndiye anayevaa kofia ya marehemu na kutembea mwendo wake, anazuia jeneza mlangoni mpaka apewe kitu, anawaambia wafiwa waache kulia, mlafi mwenyewe amekufa, wali wa leo utatosha. Wafiwa wanacheka huku wanatokwa machozi, na wanasema bila hivyo mtu ameondoka kama mkiwa. Myao wa Masasi aliyekaa mbali na kwao, mtani wake mtaani alikuwa baba. Baba hawezi kusimama. Basi zamu ikawa ya mama, na mtaa wote ulikuwa unaingojea. Niliwasikia bombani asubuhi wakisema leo Nahodha atalipa madeni, leo tutacheka.

Kabla mama hajatoka baba alimshika kanga kwa mkono mzima, akajitahidi kumwambia amtanie mwenzake, "Nta-nie." Mama akajitoa, akaenda.

Nilikuwa naye. Wanawake walimpisha njia kama bibi harusi. Mjane alikuwa ameshaandaa jogoo, amefungwa miguu kwenye kona, wa mama kumnyang'anya. Binti mkubwa wa marehemu akampa mama kofia ile ya kufuma na bakora. Mama aliipokea kofia, akaikung'uta, akaikunja na kuiweka vizuri juu ya bakora kwenye mkeka. Akamsogelea mjane akamshika mikono miwili. Akasema pole mama, Mwenyezi Mungu ampe kauli thabiti. Kisha akaenda kuketi kule mwisho, karibu na mlango wa uani, walikokaa wanawake wa mitaa ya mbali waliokuja kwa heshima tu.

Watu walidhani anajipanga. Wakangoja wakitabasamu. Maiti ilikuwa imeshaoshwa na kukafiniwa, wanaume wakaliinua jeneza wakafika nalo mlangoni, na hapo wakasimama, kwa sababu hapo ndipo mtani huzuia. Hakuna aliyezuia. Walisimama na mzigo mabegani, jua kali, shehe akakohoa mara mbili. Vicheko vikaanza kukauka kimoja kimoja. Mwishowe mtoto mkubwa wa kiume akaingia ndani, mtu mzima mwenye watoto, akapiga magoti mbele ya mama. Akamwomba amtanie baba yake, angalau neno moja, asiondoke hivi.

Mama alimtazama kwa upole. Niseme kweli, sijawahi kuuogopa upole kama siku ile.

"Baba," alimwambia, "mimi chi ntani wenu. Mimi jirani. Nimekuja kuzika."

Hakupandisha sauti, ila nyumba nzima ilisikia. Mjane alianza kulia kilio kingine, si kile cha asubuhi. Wanaume wakatoka na jeneza kimya, na mtu yule aliyechekesha kila shughuli ya Ufukoni akaenda kaburini kama mgeni asiyejulikana kwao. Nilifurahi. Wanawake walinong'ona kwamba mama ana roho mbaya, na wako walioacha kutusalimia mpaka tulipouza nyumba. Nilifurahi na sitaki kusamehewa.

Mama alibaki mpaka mwisho. Aliosha sahani za msiba, akaaga kwa adabu, tukarudi nyumbani. Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake, anatungoja, shingo ameinyoosha. Mama akaleta uji wake, akaketi mbele yake, akaanza kumlisha. Baba akameza kijiko cha kwanza, akauliza kwa taabu kama amemtania mtani wake vizuri, kama watu wamecheka.

Mama alimpangusa kidevu kwa pindo la kanga.

"Sikumtania," alisema. "Yule nimemaliza naye. Bado wewe."

Akachota kijiko kingine. Baba alimtazama usoni muda mrefu, kisha akafungua mdomo, kwa sababu alikuwa na njaa na hakukuwa na mtu mwingine wa kumlisha.