Pumzi ya Puani

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na viwanda vya samaki vilipoanza kuota kando ya ziwa, Mwanza ilijaa watu ambao kwao hakujulikani. Nyumbani kwetu Kiseke, bibi yangu hakumwamini hata mmoja. Basi mimi nikamleta mchumba, wakala wa kununua sangara, mtanashati kweli, akasema yeye ni Msukuma wa Meatu. Bibi akamjulia hali kwa Kisukuma, akasubiri ajibu "mhola", yaani salama.

Akajibu. Bibi akamgeukia baba. "Huyu mwongo. Hiyo m yake ni ya Kiswahili."

Nilikasirika jamani! Nikose mume kwa ajili ya herufi moja? Baba naye akashikilia kwamba hapokei ng'ombe wa mtu asiyejulikana ukoo wake, labda aje tena baada ya mavuno. Mchumba akanieleza kuwa alisoma shule za bweni tangu utotoni, lugha ikampotea. Nikamwamini, nikamfundisha mwenyewe, pale kwenye mawe ya ufukweni. Funga midomo kama unayetaka kusema m, lakini koo lisitoe sauti. Toa pumzi tupu puani, ndipo ufungue mdomo. Nilimwekea vidole kooni, likitetemeka, amekosea. Mwanzoni alikuwa kama anapenga kamasi, nikacheka mpaka machozi. Ila alishika haraka, haraka mno, na jioni ile nilirudi nyumbani roho haijatulia. Nikajikemea: we mwanamke, unatafuta nini tena?

Baada ya mavuno akaja. Bibi akamjulia hali.

"Mhola," akajibu, safi kabisa, pumzi kwanza, sauti baadaye. Baba akatabasamu. Bibi wapi!

"Sasa umesema," akamwambia kwa Kiswahili. "Nani kakufundisha, mjukuu wangu?"

Nilikuwa nimepiga magoti namnawisha mikono. Nilijua atanitaja, na sote tutacheka yaishe.

"Mama yangu, bibi. Tangu nikiwa mgongoni kwake."

Hakupepesa jicho. Sauti ilimkwama kidogo, kama ya mtu aliyemkumbuka mama yake. Na mimi niko pale pale mbele yake, birika mkononi.

Maji yakammwagikia mapajani. Sikuomba radhi.

"Baba," nikasema, "ng'ombe wake asiwalete."